Paa la Nyasi Ghorofa ya Kumi na Moja

Kila Jumatatu asubuhi Mumbua alishuka kwa lifti kutoka chumbani kwake, ghorofa ya kumi na moja, hadi ofisi ya wakala wa viza ghorofa ya saba, akiwa na kikombe cha uji na simu mbili. Uji aliupika mwenyewe kwenye sufuria ya umeme ya wali, maana uji wa Kichina una chumvi na yeye hakutoka Kitui kuja kunywa uji wa chumvi. Simu moja ilikuwa ya wauza mikoba wa Shiling, mji wa viwanda alikokuwa akikagua mizigo. Nyingine ilikuwa ya nyumbani. Alikaa kwenye kiti kilekile cha bluu, akangoja aitwe.

Hakuwa akiitwa. Wakala alikuwa mtu mpole, mwenye nywele zilizolala vizuri, na Waafrika wote wa Xiaobei, mtaa wao hapo Guangzhou, walimwita Laoban, yaani bosi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuambiwa jina lake. Alikuwa ameichukua paspoti ya Mumbua tangu Aprili ili aiongezee muda. Mwaka ule ulikuwa wa Olimpiki, viza zilikuwa zimegeuka maziwa ya kuku, na Laoban alikuwa amekusanya paspoti za watu mpaka droo haifungi. Ukimwuliza, alikumiminia chai, akatabasamu, akasema, "Mingtian." Kesho.

"Kesho ya huyu muzee ni ile ya Mungu," alisema Nadège, mfanyabiashara wa Bukavu aliyepanga chumba mkabala na cha Mumbua. "Hakuna mutu anaijua."

Kwenye ukuta wa chumba cha kungojea kulikuwa na kalenda ya kampuni moja ya cherehani, yenye picha za kijiji cha milimani huko Ujapani. Ilionyesha nyumba kubwa za wakulima wa zamani, mapaa yake ya nyasi yamesimama wima kama viganja vya mtu anayesali, na theluji imejaa hadi madirishani. Ilikuwa mwisho wa Septemba lakini kalenda bado ilikuwa Januari. Watu waliochoka kukaa walikuwa wakiingia humo kunyoosha miguu.

Haikuwa safari. Unapanda juu ya kiti, unainamisha kichwa usijigonge kwenye ule waya wa juu, umefika. Wengi walizunguka kidogo, wakapigana picha mbele ya nyumba, wakarudi viatu vimelowa. Kibet wa Eldoret, muuza simu, yeye alijifanya mjanja, akaamua kuifuata barabara mpaka imtoe. Alikuta kituo cha basi. Dereva wa basi akamwomba paspoti. Kibet akarudi na kikohozi ambacho hakikupona, na tangu siku hiyo hakuna aliyejaribu kupita kituo kile.

Mumbua hakuwahi kuingia. Theluji haikumvutia, na mawazo yake yalikuwa kwenye paa jingine. Mama yake, mwaitu kwa Kikamba, alikuwa akiishi peke yake kwenye nyumba ya udongo ambayo marehemu mumewe aliijenga, na nyasi zake zilikuwa zimeoza. Ndani ya nyumba hiyohiyo Mumbua alizaliwa, mvua ikinyesha, ndiyo maana akaitwa Mumbua. Hela za mabati alikwisha kutuma. Mama akanunua mbuzi, akasema mabati ni ya shule na kanisa. Na hata kama angekubali, fundi alizigonga zile kuta kwa kidole akasema hazibebi mti wa mabati, labda nyasi tu.

Nyasi huezekwa na mwethya. Huko kwao mwethya ni kikundi cha kazi: leo mnalima kwangu, kesho mnaezeka kwako, na hakuna anayelipwa isipokuwa kwa chakula cha siku hiyo na kwa mikono ya mwenzake. Mwaka umekwenda mwaka umerudi, mikono ya nyumba ile haikuonekana popote. Mama alikuwa mzee na mikono ya Mumbua ilikuwa Guangzhou ikipapasa zipu za mikoba.

"Mwenyekiti wa mwethya hakatai," mdogo wake Benedicta alimwambia kwa simu. "Anasema wataezeka. Lakini uje ushike nyasi, hata siku moja, watu wakuone."

"Na wewe je? Si una mikono?"

"Yangu inahesabiwa kwa kina mume wangu, dada, si unajua."

"Basi mwambie nitalipa mtu anishikie zamu."

"Nimemwambia. Ameniuliza kama hata kanisani huwa unalipa mtu akuombee."

Mvua za mwezi wa kumi zilikuwa karibu. Mumbua alimweleza Laoban haya yote, pole pole, mara kwa Kiingereza na mara kwa mikono. Laoban alisikiliza mpaka mwisho. Alisema mama ni mama, popote duniani, macho yakamlenga machozi kabisa, akasema, "Mingtian."

Jumatatu iliyofuata Wendi, karani wa Laoban, aliona amechoka kupiga deki maji ya theluji na kusikiliza watu wakikohoa. Alipanda kwenye kiti akafunua kurasa tatu kwa mpigo. Ikawa Aprili.

Aprili hakukuwa na theluji. Kulikuwa na nyumba moja tu, upande mmoja wa paa lake umevuliwa, fito ziko wazi, na kijiji kizima kimepanda juu yake kama siafu. Chini walijipanga wengine wakipitishiana miganda ya nyasi mkono kwa mkono. Mumbua aliitazama picha ile uji ukampoa. Halafu akaweka kikombe chini, akakaza kitambaa chake cha manjano kichwani, akapanda kiti.

"Unaenda wapi sasa, ma chère?" Nadège akauliza.

"Hawa wako mwethya," Mumbua alisema, akaingia.

Mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa bibi mmoja mfupi, ambaye baadaye alijigonga kifua akasema anaitwa Tome. Mumbua alimwamkia kwa Kiswahili, kisha kwa Kikamba, kisha kwa mazoea ya sokoni akatoa kalkuleta. Bi Tome alicheka hadi akashika magoti. Aliirudisha kalkuleta mfukoni mwa Mumbua, akampakatisha mganda wa nyasi. Mumbua alizinusa, akavunja unyasi mmoja. Zilikuwa kavu sawasawa, zimekatwa msimu mzuri.

Walimpeleka juu, ndani ya dari. Huko chini katikati ya nyumba palikuwa na moto, na moshi wake ulikuwa umezipaka boriti zote masizi ili wadudu wasiguse nyasi. Hilo Mumbua hakuhitaji kuelezwa, jiko la mama yake liko hivyo. Hakukuwa na msumari hata mmoja, kamba tu. Mtu aliyekaa nje juu ya paa alichoma sindano ndefu ya mti ikapenya nyasi na kamba yake, Mumbua akaipokea ndani, akaizungusha kwenye ufito, akaichomeka kurudi nje. Akikosea, mwenye sindano nje aligonga mara moja. Akipatia, hakuna aliyesema kitu. Mchana ulipofika walikuwa hawamgongei tena. Watalii walishuka kwenye basi, wakapiga picha, na Mumbua alipopanda nje kupokea miganda walimpiga picha na yeye, pamoja na kitambaa chake.

Alifurahi. Tusimnyime haki yake, alifurahi siku ile kuliko siku yoyote tangu aje China. Na hakuwa mjinga. Alikwisha kuona mpango wote. Mwethya ni mwethya, ukishika nyasi kwangu nitashika kwako, na hawa walikuwa wazee wenye heshima zao, hawangemdhulumu mtu zamu yake. Kutwa nzima, huku anazungusha kamba, alijitayarishia atakavyowaelekeza: mji wa Kitui, ile barabara ya vumbi, bwawa la mchanga upande wa kushoto, kanisa, nyumba ya nyasi iliyobaki peke yake.

Jioni paa likakamilika. Mzee aliyekuwa akigawa zamu akaja mbele yake, akalionyesha paa, kisha akamwonyesha yeye, akainua nyusi. Hakuna lugha inayohitajika hapo. Alikuwa akiuliza, na lako wewe liko wapi?

Mwafrika yeyote wa Xiaobei hutembea na kadi ya hoteli mfukoni. Imeandikwa kwa Kichina jina la jengo, ghorofa na chumba, kwa sababu dereva wa teksi hasomi kitu kingine, na mzigo wa kiwandani haufiki bila hiyo. Mumbua alikuwa akiitoa kadi ile mara nyingi kwa siku kuliko alivyokuwa akitaja jina lake. Ukimwuliza uko wapi, mkono unakwenda. Basi mkono ukaenda. Aliitoa kadi kwa mikono miwili, kama wafanyavyo Wachina, na yule mzee, ambaye maandishi yale aliyasoma bila taabu, akainama. Mumbua naye akainama. Mazoea yana taabu, wahenga hawakusema uongo.

Alitoka kwenye kalenda akampigia Benedicta simu palepale.

"Mwambie mwaitu watu wanakuja kuezeka."

"Watu gani?"

"Mwethya wa Ujapani."

Benedicta alifikiri. "Wanakula isyo?"

"Watakula. Loweka mahindi na maharagwe ya kutosha."

Siku ya pili alikodi gari kwenda Shiling kukagua mikoba. Wakati wa kurudi dereva alimwomba kadi. Mumbua akatia mkono mfukoni, akatia na mwingine, akapapasa mpaka dereva akageuka kumtazama. Alimpigia Benedicta pale pale barabarani.

"Mwaitu asiguse kitu," alisema. "Nimekosea. Nimewapa kadi ya huku."

"Dada," Benedicta alisema, "mwaitu ameshavua nyasi."

Ndivyo inavyotakiwa. Mwethya wakija, wanakuta fito ziko wazi, maana kuvua nyasi za zamani ni kazi ya mwenye nyumba. Mama aliwaita watoto wa jirani jana ileile, wakazivuta zote, wakazichoma. Alikuwa amefagia uwanja na kuazima sufuria ya kanisani.

Mumbua alirudi mbio hadi ghorofa ya saba. Ofisi ilikuwa imefungwa kwa sikukuu ya taifa, wiki nzima, na mlango wa nondo umeshushwa mbele ya kioo. Kupitia kioo aliiona kalenda ukutani. Aliugonga mlango kwa kiganja, kisha kwa kiatu, na Bi Tome ndani ya picha hakugeuka. Alikuwa akifagia mabaki ya nyasi.

Walifika kabla sikukuu haijaisha. Walikuja kwa ndege kama watu wengine, kila mmoja na paspoti yake, na uwanja wa ndege hakuna aliyewauliza viza. Watu wa kwao hawaulizwi. Waliingia ukumbini wamevaa nguo za kazi za bluu, wamebeba miganda na fito na vifungu vya kamba, na mlinzi wa jengo alilalamikia jambo moja tu, kwamba wapande lifti ya mizigo. Walipanda ya mizigo.

Mumbua aliwafungulia mlango wa chumba. Alimshika Bi Tome mikono yote miwili, akamweleza kwa Kikamba, akilia, kwamba si hapa, nyumba yenyewe iko Kitui, mama yangu amekaa chini ya fito. Akatoa simu akawaonyesha picha ya nyumba. Bi Tome aliitazama muda mrefu. Aliigusa kwa kidole mahali paa lilipobonyea, akasikitika kwa sauti, akampa wa pili, wa pili akampa wa tatu, wote wakaitazama na kusikitika. Kisha yule mzee wa zamu akaitoa kadi, akainyanyua kwa mikono miwili, akaelekeza kidole kwenye namba ya chumba.

Mumbua hakubishana tena. Alikuwa binti wa mwethya. Alijua kwamba watu wakishafika na nyasi huwaambii wahamie kwingine, kwa sababu kila mganda umekatwa kwa ajili ya paa lake, na siku watu wakianza kuhamishwahamishwa hakuna atakayetoka nyumbani kwake kumsaidia mwenzake. Mwenyekiti wa Kitui angesema vilevile. Mama yake mwenyewe angesema vilevile.

"Ma chère," Nadège alisema, akiwa amekwisha kufika na sufuria yake, "lia kwanza, halafu tupike."

"Nitalia nikipika," Mumbua alisema, akaanza kuosha maharagwe.

Waliezeka ndani ya chumba, chini ya dari ya saruji. Mgongo wa paa uligusa saruji, na pande zake zikateremka mpaka juu ya kitanda, juu ya katoni za mikoba, juu ya dirisha linalotazama barabara ya juu. Walifanya kazi nzuri. Haya maneno ni lazima yasemwe, walifanya kazi nzuri sana, hawakupunja hata kamba. Walikula isyo wakasifu. Walifagia hadi unyasi wa mwisho, wakainama mlangoni, wakateremka na lifti ya mizigo, na deni lao likawa limekwisha.

Meneja wa jengo alikuja kukagua. Alitazama juu, akasema nyasi hazina neno, alikuwa anaogopa misumari ukutani. Akaondoka.

Ofisi ya viza ilipofunguliwa, Mumbua alikuwa wa kwanza. Aliingia kwenye kalenda moja kwa moja. Bi Tome alimpokea vizuri akampa chai, na kwa vidole akamweleza kwamba zamu ya paa lile itarudi baada ya miaka thelathini hivi, na mapaa mengine yote bado ni mazima. Hakukuwa na nyasi ya kushika. Alipotoka, waliokuwa wakingoja walimpongeza, maana Kibet alikuwa amemwona siku ile kwenye picha ya kalenda, juu ya paa, kitambaa cha manjano.

"Mama yetu amefika Japani bila viza," Kibet alisema akikohoa. "Wewe ni noma."

Mumbua akaingia kwa Laoban. Safari hii hakukaa.

"Mama yangu analala chini ya fito," alisema. "Nyumba haina paa. Nipe paspoti yangu hata kama haina viza. Nipe hivyo hivyo, nikakamatwe uwanja wa ndege, wanirudishe kwetu."

Wendi alitafsiri yote, na alipofika kwenye fito akaonyesha kwa mikono. Laoban alihuzunika. Alifungua droo, akazitazama paspoti zilivyolaliana humo, akaifunga kwa goti. "Mei you," alisema. Hakuna. Kisha, kwa kuwa Mumbua alikuwa bado amesimama, akammiminia chai. "Mingtian."

Mvua ilianza Jumatatu nyingine. Guangzhou kulikuwa na jua kali. Mumbua alikuwa anakoroga uji aliposikia mchakacho juu yake, akainua kichwa. Mvua ilikuwa ikinyesha kati ya dari ya saruji na paa la nyasi, mvua nzito ya Kitui yenye harufu ya vumbi jekundu, inaangukia nyasi na kuteremka nazo hadi ukingoni. Nadège aliingia na ndoo bila kuulizwa, akaiweka maji yalipomwagikia, mlangoni. Mlinzi wa jengo akaleta deki. Kitandani hakukufika tone. Katoni hazikuguswa. Paa lile lilikuwa zuri mno.

Simu ya nyumbani ikalia. Kule kulikuwa bado usiku. Kabla mtu hajasema neno Mumbua aliisikia mvua ileile ndani ya simu, lakini kule haikuwa na mchakacho wa nyasi, ilikuwa inapiga kitu cha nailoni na karai.

"Mumbua," mama alisema. Alikuwa anapaza sauti. "Benedicta ameleta turubai. Upepo unalisumbua, lakini tunalo."

"Hamieni kwa jirani, mwaitu. Nakuomba."

"Nikaiache nyumba? Nyumba ikiachwa inakufa." Karai lilisikika likisogezwa. "Watu wa Ujapani walikuja?"

"Walikuja."

"Waliezeka?"

"Waliezeka, mwaitu."

"Waliezeka vizuri?"

Mumbua alitoa mkono nje ya ukingo wa nyasi, mvua ikamlowesha kiganja. "Vizuri," alisema.

"Kwa hiyo wewe huko umelala pakavu?"

"Pakavu, mwaitu. Pakavu kabisa."

Mama alifurahi. Alisema basi heri, tena heri sana, akamwambia awashukuru wale watu. Kisha akaomba radhi kwamba anakata simu, kwa sababu alihitaji mikono yote miwili kulishikilia turubai.